Krismasi ya wawili Uingereza: kujifungia ndani, kwenda kwa watu au kupanda ndege?

Swali hili huanza mwezi wa kumi na moja, na mara nyingi huletwa na simu ya nyumbani: "Mwaka huu mnakuja, au ndiyo mpaka tuzikwe?" Wiki hiyohiyo binamu aliyeko Birmingham ameshatuma ujumbe kwamba nyumba ni kubwa, njooni tujumuike. Na humo ndani ya flati yenu, mmoja katoka shifti ya usiku, kavua viatu, ana neno moja tu: "Tulale."

Mke wangu nami tumeshayajaribu yote matatu, pamoja na la nne ambalo nitalitaja kwa kifupi kwa sababu halistahili zaidi ya hapo. Ninayoyaandika hapa yanawahusu wawili wasio na watoto, au wenye mtoto ambaye bado hajui Krismasi ni mdudu gani. Mkishakuwa na mtoto wa miaka sita mwenye orodha ya zawadi, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Na niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kubaki ndani, ingawa Krismasi mbaya kuliko zote nilizowahi kula, tuliila ndani.

Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza. Tulikuwa tumealikwa kwa ndugu, mji ulio mwendo wa saa mbili kwa treni, tukakubaliana tutoke asubuhi ya tarehe 25, tufike wakati chakula kinaiva. Tukatembea dakika ishirini hadi kituoni na mabegi yetu na zawadi. Kituo kimefungwa. Si kwamba treni zilichelewa, hazikuwepo. Tarehe 25 Desemba reli za nchi hii karibu zote zinalala, London treni za chini ya ardhi hazitembei, na mabasi mekundu yamepumzika. Mkesha wake safari zinaanza kukatika mapema jioni, na tarehe 26 njia nyingi bado zimelala au zinasuasua, maana huo ndio wakati mafundi wa reli hupata nafasi ya kuingia kazini. Kila mtu aliyezaliwa hapa analijua hilo, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kukuambia.

Tukarudi. Friji ina maziwa, mayai manne na nusu kitunguu, kwa sababu tulitegemea kula kwa watu. Maduka makubwa yamefungwa, na hilo si hiari ya wenye maduka: England na Wales, sheria ya mwaka 2004 inakataza duka lenye eneo la zaidi ya mita za mraba 280 kufungua siku ya Krismasi. Kilichotuokoa ni kaduka ka kona. Tukala mkate na maharage ya kopo, tukazima simu kwa aibu, tukalala saa 1 usiku. Miaka miwili baadaye, kwenye flati ileile, na kimya kilekile cha barabarani, tulikuwa na Krismasi ambayo mke wangu bado anaitaja. Ndiyo maana mtu akiniambia "tulibaki wenyewe, ilikuwa huzuni tupu," kwanza namuuliza kwenye friji kulikuwa na nini.

Ndani au kwa watu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu mwaliko unaonekana mwepesi: mtakwenda, mtakula, mtacheka, mtarudi. Tatizo ni hilo la kurudi. Kama hamna gari, mwaliko wa chakula cha mchana wa Krismasi katika nchi hii ni mwaliko wa siku tatu. Mnatakiwa mfike tarehe 24 kabla treni hazijakatika, na hamtoki mpaka tarehe 27 au, mkibahatika na njia yenu, 26. Kuna mabasi machache ya masafa marefu yanayotembea siku yenyewe kati ya miji mikubwa, lakini tiketi zake zinataka kuwahiwa, na bado mtahitaji teksi kutoka stendi kwenye siku ambayo teksi inajipangia bei.

Siku tatu kwa watu si mchana mmoja kwa watu. Mtalala sebuleni, kwenye godoro la kupuliza ambalo saa 9 usiku limeshaisha upepo. Mtaamka wakati watoto wa mwenye nyumba wanapoamka. Na niliseme hili wazi, kwa sababu wanaume wenzangu tunapenda kuliruka: mwanamke aliyealikwa haalikwi kukaa. Atavaa kanga, ataingia jikoni kumsaidia mwenye nyumba, na hatatoka. Mke wangu mwaka wa pili alikata vitunguu vya watu kumi na nane huku mimi nikiangalia mpira wa tarehe 26. Njiani tunarudi akaniambia, "Wewe ulikuwa likizo. Mimi nilibadilisha kazi tu." Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Lakini kwa watu kuna vitu ambavyo flati haiwezi kuvitoa. Kuna kelele. Kuna mtu wa tatu wa kucheka utani wako, ambao mwenzio ameshausikia mara arobaini. Kuna Kiswahili kinachopishana kutoka pande zote za chumba mpaka unasahau uko wapi. Kama mmetua nchini mwaka huo, nendeni. Msijaribu kimya mwaka wa kwanza, bado hamna mazoea nacho. Kama mmoja wenu amefiwa mwaka huo, nendeni pia, hata kama yeye anasema anataka kubaki peke yake. Na kama mna ugomvi ambao haujaisha, fikirini vizuri: jua la London tarehe 25 linazama kabla ya saa 10 jioni, Edinburgh dakika kumi na kitu mapema zaidi, na flati ya chumba kimoja yenye watu wawili walionuniana gizani ni ndogo kuliko mnavyodhani.

Kwa wenye gari, mizani inabadilika kidogo. Barabara za asubuhi ile ni tupu, na London hawatozi ile ada ya kuingia katikati ya mji kuanzia siku ya Krismasi mpaka sikukuu ya Mwaka Mpya. Mnaweza kwenda, mkala, mkarudi kulala kwenu. Ila mmoja ajue mapema kwamba yeye ndiye dereva na soda ndiyo pombe yake. Tuliwahi kulijadili hilo pale mezani, glasi zikiwa zimeshajazwa. Si mahali pake.

Halafu kuna rota, yaani ratiba ya zamu za kazi. Wengi wetu tuliokuja huku tunafanya kazi hospitalini, kwenye nyumba za wazee, maghalani, sehemu ambazo hazina sikukuu. Sheria inampa mwajiriwa wiki 5.6 za likizo kwa mwaka, yaani siku 28 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, lakini mwajiri anaruhusiwa kuzihesabu sikukuu ndani ya siku hizo. Hakuna haki ya moja kwa moja ya kupumzika tarehe 25, wala ya kulipwa zaidi ukifanya kazi siku hiyo. Yote mawili yanategemea mkataba wako. Someni mkataba kabla ya kununiana. Na kumbukeni shifti ya tarehe 25 haina basi: mpange lifti na mwenzenu wa kazini tangu mapema, la sivyo teksi itakula nusu ya ulichokwenda kutafuta.

Kwa watu wa namna hiyo kubaki ndani kunashinda bila mjadala, kwa sababu Krismasi ya wawili inahamishika. Ya watu kumi na nane haihamishiki. Sisi tumeshaila tarehe 24 usiku, tumeila tarehe 26, na mwaka mmoja tuliila tarehe 29 kwa sababu rota ilikataa kabisa. Wali ulikuwa uleule. Walioko Uskoti wana nafasi nzuri zaidi ya kubadilishana: huko Krismasi ilifanywa sikukuu ya umma mwaka 1958 tu, na mpaka leo wenyeji wengi roho yao iko kwenye Mwaka Mpya, ambapo tarehe 1 na 2 Januari zote ni mapumziko. Jitolee kufanya Krismasi, umwombe mwenyeji akufanyie tarehe 31. Atakubali au atakataa kwa hasira, na kwa vyovyote utakuwa umejua mambo yanavyokwenda.

Ndani au nyumbani kwenyewe

Nauli sitaizungumzia sana. Kila aliyewahi kutafuta tiketi ya kuondoka katikati ya Desemba anajua kilio chake, na nauli ni mwanzo tu. Nyuma yake kuna masanduku ya zawadi na watu wa kutoka mbali ambao hukujua ni ndugu.

Kitu cha kuangalia kabla hata ya nauli ni karatasi zenu. Kama mmoja wenu ameomba kuongezewa kibali akiwa humu nchini na majibu hayajatoka, akivuka kwenda nje ya Uingereza, Ireland na visiwa vya karibu vinavyohesabiwa pamoja nao, ombi lake linachukuliwa kuwa ameliondoa mwenyewe. Ada imekwenda, na kama kibali cha zamani kimeshaisha muda, nacho kimekwenda. Kwa wawili walio katika hali hiyo hakuna cha kulinganisha, mnabaki. Wenye kibali tayari nao waangalie: siku hizi uthibitisho uko mtandaoni, si kadi tena, kwa hiyo aliyebadilisha pasipoti aiunganishe na akaunti yake kabla ya safari, asije akabishana na mtu wa kaunta ya ndege. Na anayehesabu miaka kuelekea ukaazi wa kudumu kwa viza ya kazi asizidishe siku 180 nje ya nchi ndani ya miezi yoyote 12. Wiki tatu za Desemba peke yake hazimwangushi mtu, ila zinajumlishwa na zile za msiba wa Machi na harusi ya Agosti.

Sasa upande wa moyo. Kama mzazi ni mgonjwa au umri umekwenda, acha kusoma, tafuta tiketi. Lakini hata hapo nina neno ambalo wengine hawatalipenda: si lazima iwe Krismasi. Tuliporudi Desemba, mama nilimwona akipita na sufuria. Nyumba ilijaa, kila mtu alikuwa na hadithi, mimi nikiwa mgeni rasmi niliyekalishwa kwenye kochi, na katika siku kumi na nne sidhani kama tulikaa naye wawili zaidi ya saa moja. Mwaka uliofuata nilikwenda Februari. Tiketi ilikuwa ya kibinadamu, wajomba hawakuwepo, na jioni tulikaa nje naye akaniambia mambo ya baba ambayo sikuwahi kuyasikia. Tangu hapo Krismasi tunabaki huku, na fedha na siku za likizo tunazihifadhi kwa Februari. Simu ya Novemba bado inapigwa, lawama bado zipo, lakini siku hizi jibu ninalo: "Mama, Februari nakuja, nitakaa na wewe." Anacheka. "Haya, mwanangu. Mradi uje."

Kuna upande ambao hesabu yangu haiufikii: kama ndugu zako wote wanakutana Desemba tu na hamjaonana miaka mitano, Februari itakupa mama bila ndugu. Hapo panda ndege.

Na lile la nne? Kukodi kinyumba cha mawe huko mashambani, moto kwenye jiko la kuni, picha nzuri. Tulijaribu. Hakuna basi, duka la karibu lilikuwa mbali na limefungwa, na wawili tuliokulia kwenye joto tulitumia siku nzima kumlisha moto kuni kama mbuzi. Kama mna gari na mnapenda kutembea kwenye tope, kila la heri.

Mkishaamua kubaki

Ndani ya kubaki kwenyewe kuna uchaguzi mwingine mdogomdogo, na humo ndimo Krismasi inapoharibikia.

La kwanza ni simu ya nyumbani, iwe asubuhi au jioni. Majira ya baridi Afrika Mashariki iko mbele ya Uingereza kwa saa 3. Mkipiga saa 3 asubuhi, kule ni saa 6 mchana, masufuria bado yako motoni, watu wana nguvu za kupokezana simu. Mkisubiri saa 1 usiku, kule ni saa 4, wazee wanasinzia na anayepokea anataka kwenda kulala. Kwa hiyo asubuhi. Lakini sababu yangu kubwa si saa. Simu ikishakatwa, nyumba inakuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla, na mmoja wenu atakaa ameishika hivyohivyo. Ikifuatiwa na kazi ya jikoni, kitunguu kinabeba lawama ya machozi na siku inaendelea. Ikija baada ya chakula, hakuna kinachofuata ila usingizi.

La pili ni chakula. Usinunue bata mzinga. Najua kila tangazo lina bata mzinga. Mmoja analisha watu wanane au zaidi, nyinyi ni wawili, na sisi tulimla wetu mpaka tarehe 30, wa kuchoma, wa mchuzi, wa ndani ya chapati, mwishoni tukawa hatutazamani. Kuku anatosha. Kama mnapika pilau, pikeni pilau. Kama mnataka viazi vya kuoka na vile vikabichi vidogo vya kienyeji, jaribuni, ila si vyote viwili kwenye jiko la plati nne na oveni ambayo mlango wake haufungi sawasawa. Yale makaratasi ya kuvutana yanayopasuka mezani na kutoa kofia nunueni, yanachekesha hata kwa wawili. Mengi yanauzwa sita kwa pakiti, kwa hiyo mtavaa kofia tatu kila mmoja.

Ununuzi uishe tarehe 22. Anayetaka kuletewa mlangoni awahi mapema, maana nafasi za siku za mwisho zinajaa wiki kadhaa kabla. Mkesha ukiangukia Jumapili, maduka makubwa ya England na Wales yanaruhusiwa kufungua kwa muda wa saa sita tu siku hiyo, na foleni yake msiombe muione. Wenye mita ya umeme au gesi ya kujaza, jazeni kabla. Wenye dawa za kila siku, chukueni kabla. Daktari wa mtaa hafungui tarehe 25 na 26. Namba 111 ya ushauri wa afya inapatikana, na ya dharura ni 999 kama siku zote.

La tatu ni kutoka nje au kutotoka kabisa. Mwaka mmoja tulisema hatutoki mlangoni, na kufikia saa 8 mchana tulikuwa tumeanza kukosoana namna ya kupumua. Sasa tunatoka saa 6, mwanga ungalipo, tunatembea saa moja. Hakuna gari, hakuna ndege ya kusikika, watu wachache mnaopishana nao wanakusalimu, jambo ambalo mwaka mzima hawalifanyi. Anayetaka kanisa, ibada za usiku wa mkesha na asubuhi zipo karibu kila mtaa, na hakuna atakayekuuliza umetoka wapi mpaka chai ya baada ya ibada.

Redio na televisheni mtanisamehe, nimekuwa mwenyeji. Mkesha saa 9 alasiri tunafungulia ibada ya nyimbo kutoka kanisa la chuo cha King's, Cambridge, ambayo BBC imekuwa ikiitangaza tangu 1928. Inaanza na mtoto mmoja akiimba peke yake, bila kinanda, na wakati huo mimi huwa namenya viazi. Siku yenyewe, saa 9 vilevile, kuna hotuba ya mfalme, desturi iliyoanza na George wa Tano redioni mwaka 1932. Anachokisema hakinihusu sana. Ninachokipenda ni kwamba ukuta ni mwembamba, nasikia sauti yake kwa jirani wa kushoto na wa kulia kwa wakati mmoja, na kwa dakika hizo sisi wawili hatuko peke yetu kwenye jengo.

Na kama kimya kikimzidia mmoja wenu, au mwenzio yuko kazini na wewe umebaki na kuta, Samaritans, shirika la hisani linalosikiliza walioelemewa, wanapokea simu bure namba 116 123, mchana na usiku, Krismasi ikiwemo.

Rota ya mwaka huu imetoka Jumanne. Mke wangu yuko shifti ya asubuhi tarehe 25, anatoka saa 9, kwa hiyo yetu tumeihamishia 26. Binamu nimemwambia tutafika tarehe 28, treni zikisharudi, na kwamba safari hii mimi ndiye nitakayeingia jikoni. Amejibu kwa sauti ya kicheko: njooni, ila mje na bata mzinga aliyebaki. Nimemwambia mwaka huu ni kuku, habaki.